Meza ya Bibi Harcourt

Elkana alifunga mlango wa stoo nyuma ya saluni yake, Edmonton. Akatupa picha juu ya kreti ya bia.

"Meza ya kuandikia. Ya Kifaransa, ina zaidi ya miaka mia mbili. Chini ya droo kuna mhuri. Mafundi wa Paris waligonga majina yao kwenye mbao. Bila mhuri, hizi ni kuni."

Célestine hakuitazama. Aliipangusa meza hiyo kila asubuhi nyumbani kwa Bibi Harcourt, mjane ambaye yeye alimtunza. Kazi aliipata kwa karatasi zenye jina la mtu mwingine. Karatasi alizileta Elkana.

"Jumanne bibi yuko hospitali. Wewe unafungua. Lambert ananisaidia kubeba, kisha anashuka ngazi kuwasha gari. Mimi nateremka na meza kwa lifti."

Lambert, mdogo wake Célestine, akaitikia kwa kichwa.

"Nikikataa?" Célestine aliuliza.

"Mtarudi Bukavu. Wote wawili."

Jumanne, saa nne asubuhi. Meza ilitoka imeviringishwa blanketi. Célestine alikwishapiga simu polisi. Elkana akiingia lifti, yeye angekata umeme ili anaswe humo. Alikuwa amemwonya Lambert: ukisikia king'ora, ondoa gari, usiniulize. Yeye mwenyewe wangemfukuza nchini. Hilo alilikubali.

"Rudi ndani, futa alama za vidole," Elkana aliamuru.

Alifuta, masikio yakiwa nje. Mlango wa wavu wa lifti ukagonga. Akatoka mbio, akafungua kabati la umeme la ukumbini, akavuta swichi ya lifti.

Kimya. Kisha sauti ikapanda kutoka shimoni.

"Dada! Lifti imekwama!"

Ilikuwa sauti ya Lambert. Elkana alikuwa amebadili mpango, akashuka yeye kwa ngazi.

King'ora kikalia barabarani. Gari likanguruma, likaondoka.

"Dada, ametuacha!"

Célestine akarudisha swichi ili mdogo wake atoke. Lifti ikaanza kushuka. Célestine akashuka ngazi akikimbia, akauona uso wa mdogo wake ukipita nyuma ya wavu.

"Simamisha! Bonyeza!"

Lambert alibonyeza kila kitufe. Lifti ile kuukuu haikusikia.

Célestine alipofika chini, polisi wawili walikuwa wameshafungua wavu. Lambert alisimama nyuma ya meza, amebanwa ukutani.

"Unamjua mama huyu?" polisi mmoja alimuuliza.

"Simjui," Lambert alijibu upesi, akimkazia dada yake macho: nenda.

Mlango wa barabarani ulikuwa wazi. Célestine aliutazama. Kisha akasogea karibu na meza.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Mlango nilifungua mimi."