Mbwa Aliyeitwa Karibu

Jumapili mchana Klaudia alikuwa jikoni anageuza ndizi kwenye sufuria. Siku hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwake, Buhembe mjini Bukoba. Sebule ilikuwa imefagiliwa na kutandikwa nyasi mpya, kama mama yake alivyomzoesha tangu utotoni huko Muleba. Vikombe vilikuwa safi. Kila kitu kilikuwa tayari, na hilo lilimtia wasiwasi, maana nyumba hiyo haikuwahi kukaa tayari kwa muda mrefu.

"Hodi," mtu akaita mlangoni.

"Karibu," Klaudia akajibu.

Akasikia kishindo. Akasikia chupa ya chai ikianguka. Hakuwa na haja ya kwenda kutazama, lakini alikwenda.

Celina, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameegemea ukuta. Gauni lake jeupe la kanisani lilikuwa na alama mbili za tope kifuani. Mbwa wa nyumbani alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiweka mabegani mwa mgeni, anatafuta namna ya kumlamba shavu. Nancy, binti wa Klaudia, alikimbia kumwondoa. Kisha Nancy akapiga magoti kumsalimu Celina, kama binti mwenye adabu anavyomsalimu mkubwa. Mbwa akaona uso mwingine umeshuka mpaka kimo chake, akauvamia huo.

Walisali harakaharaka. Wakati wa kuaga, Celina alitangaza kwa upole kwamba wiki ijayo watasali nyumba nyingine. Klaudia akauliza zamu yake itarudi lini. Celina akasema wataangalia.

Kama mbwa huyo angekuwa mkali, ingekuwa nafuu. Mbwa mkali anafungwa, na wageni wanaambiwa wajihadhari. Huyu hakuwahi kumng'ata mtu. Kosa lake lilikuwa kupenda watu kupita kiasi, na kuwapenda kwa miguu yenye tope. Kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake. Gozbert, mume wa Klaudia, alipiga kelele. Klaudia alitumia ufagio. Nancy alimsukuma kwa mikono miwili huku anacheka. Mbwa alizipokea dawa zote kwa furaha na kurudi kuomba nyongeza.

Mchana alifungwa kamba fupi nyuma ya jiko. Huko alibweka, akachimba mashimo, akatafuna kandambili za Klaudia. Alitafuna ya kushoto tu. Klaudia alinunua jozi nyingine, akatafuna ya kushoto tena. Ya kulia aliiacha nzima, kama kumkejeli.

Lakini gauni la Celina na kandambili vilikuwa mambo madogo. Jambo kubwa lilikuwa mama yake, Annastella.

Mama huyo alikuwa anaishi peke yake Muleba, na macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Angefanyiwa upasuaji Bukoba mjini, halafu akae karibu na hospitali ili aende kukaguliwa mara kwa mara. Mahali pa kukaa palikuwa kwa Klaudia tu. Ila mara ya mwisho alipokuja, wakati wa Pasaka, mbwa alimrukia getini. Akaanguka, akateguka mkono. Tangu hapo kila Klaudia alipompigia simu, jibu lilikuwa lilelile.

"Nitakaa na giza langu hapa Muleba," alisema mama. "Giza haliniangushi kama huyo mbwa wenu."

Klaudia alimweleza mumewe. Gozbert alikuna kichwa, akasema mbwa analinda kibanja, shamba lao la migomba, na wezi wa ndizi ni wengi.

"Analinda nini?" Klaudia aliuliza. "Mwizi akija, huyu atamlamba mashavu na kumsaidia kubeba mkungu. Mama yangu anapofuka, wewe unanihesabia mikungu."

Gozbert alichukua panga akaenda kibanjani. Klaudia naye alikuwa ameshaamua. Wiki hiyo Penina, afisa mifugo wa kata, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa. Akija kwao, Klaudia atamwomba sindano nyingine pia.

Penina alikuja asubuhi, na kiboksi chake cha chanjo begani. Gozbert alikuwa amekwisha kumfungua mbwa.

"Hodi hapa," Penina akaita.

"Karibu, dada Penina," Klaudia akajibu, na mbwa akatoka mbio.

Penina hakupiga kelele. Hakumsukuma. Alikunja mikono kifuani, akampa mbwa mgongo, akatazama migomba. Mbwa akazunguka kumrukia kwa mbele. Penina akageuka tena, kimya. Mbwa akashangaa. Alirukaruka kidogo, akachoka, akashusha miguu yote chini. Hapo hapo Penina akageuka, akainama, akamkuna chini ya shingo na kumsifu. Mbwa akaruka tena kwa furaha, na Penina akampa mgongo tena.

Chanjo ilipokwisha, Klaudia alimsogelea Penina.

"Dada, ile sindano ya kumlaza mbwa asiamke, unayo? Nimefika mwisho. Mama yangu hawezi kuja kutibiwa kwa sababu yake."

Gozbert alitazama chini. Penina alifunga kiboksi chake.

"Kwanza niambieni anaitwa nani," alisema.

"Karibu," Klaudia akajibu.

"Asante, nimeshakaribia. Nauliza jina la mbwa."

"Ndilo jina lake. Karibu."

Mbwa, aliposikia anatajwa mara ya pili, alimrukia Klaudia na kumtia tope kwenye kitenge. Gozbert alieleza kwa sauti ndogo kwamba jina hilo lilikuwa utani wake. Mbwa alitoka kwa rafiki yake wa Bilele akiwa bado mdogo. Gozbert alitaka mwizi akija usiku aambiwe karibu, akutane na meno.

Penina alicheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza, hakuwa na utani tena.

"Mama Nancy, mgeni akibisha hodi, wewe unajibu nini?"

"Kari..." Klaudia alianza, na mbwa akainua masikio.

"Unamwita mbwa," Penina alisema. "Anakuja mbio, kwa sababu ni msikivu. Halafu unampiga ufagio kwa kosa la kuitika."

Klaudia alikaa kwenye kigoda. Aliona aibu, kisha akamkasirikia Gozbert, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana jina hilo alikuwa analitamka kila siku kwa miaka yote hiyo na hakuwahi kulisikia.

Penina akawaeleza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza hayo kwenye nyumba nyingi. Mbwa anaruka kwa sababu anataka uso wa mtu na mikono ya mtu. Ukimsukuma, umempa mikono. Ukimpigia kelele, umempa sauti. Kwake yote ni mchezo. Kwa hiyo akiruka asipewe chochote, hata jicho. Akiweka miguu yote chini, hapo ndipo apewe mkono, neno zuri, na kipande cha dagaa mkavu. Afundishwe pia kukaa. Dagaa ashikwe juu ya pua na kurudishwa nyuma kidogo, mbwa atakaa mwenyewe akimfuata kwa macho. Mbwa aliyekaa hawezi kuruka.

Kamba fupi aliikataza. Alisema mbwa anayefungwa kutwa nzima anajaa nguvu, na akifunguliwa zote zinamwishia mgeni. Atembezwe asubuhi, aende na Gozbert kibanjani. Apewe mfupa mkubwa mbichi wa kutafuna, na kandambili ziwekwe juu. Klaudia akauliza kama asimchape hata kwa kandambili. Penina akasema kumchapa kosa likiwa limepita saa nzima hakumfundishi kitu, kwa sababu hajui anachapiwa nini. Atajifunza kumwogopa mwenye fimbo tu.

"Mtaona anazidi kwanza," aliongeza. "Atashangaa kwa nini mchezo umekwisha, ataruka zaidi. Msikate tamaa. Na mtu mmoja tu akimruhusu, mmeharibu. Mbwa hajui hili ni gauni la kanisani na hili ni shati la shamba."

Mwisho akasema jina libadilishwe, liwe neno ambalo hakuna anayemwambia mgeni.

Hilo liliwapa kazi. Gozbert alipendekeza Kahawa. Klaudia akakumbusha kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza wanachompa mgeni atafune. Gozbert akasema Amani. Klaudia akamuuliza kama jumuiya wakipeana amani anataka mbwa naye aje kupeana. Nancy ndiye aliyesema Kisiki, kwa sababu kisiki hakitoki kilipo. Wakalikubali, na kuanzia hapo walilitamka huku dagaa wakiwa mkononi.

Siku za kwanza zilikuwa balaa. Kisiki aliruka kuliko zamani, kama Penina alivyosema. Nancy alitoka nje, akabisha hodi, akapewa karibu, akapiga magoti, akalambwa uso, akasimama na kugeuka, akaanza upya. Celina alikubali kuja kuwa mgeni wa mazoezi, ila alivaa gauni la kuvunia kahawa. Klaudia alitamani ufagio wake. Alikunja mikono ili isiufikie.

Polepole mbwa akaanza kuelewa. Kwa Nancy alikaa. Kwa Celina alikaa. Kisha jioni moja alimrukia Celina tena, na asubuhi yake akamrukia Klaudia. Klaudia hakuelewa. Wote walikuwa wanafuata maelekezo.

Jioni iliyofuata alikwenda kumpokea mumewe njiani. Akamkuta Gozbert nyuma ya mgomba, amechuchumaa, amefungua mikono, na Kisiki yupo kifuani kwake anamlamba masikio. Wote wawili walikuwa na furaha.

"Baba Nancy," Klaudia alisema.

Gozbert alisimama na kujipangusa. Alisema siku nzima ni kazi tu, na mbwa ndiye kiumbe pekee anayemfurahia akirudi.

Klaudia angeweza kupiga kelele. Koo lake lilikuwa tayari. Lakini alikumbuka kelele zimekwisha kumfundisha nini mbwa, akaona na mume hazitamfundisha zaidi.

"Mfurahie," alisema. "Ila akiwa amekaa. Mama akianguka tena, sitamlaumu mbwa."

Tangu jioni hiyo Gozbert alitembea na dagaa mfukoni. Shati lilinuka, Klaudia akavumilia.

Mama alikubali kuja kwa shingo upande. Daktari alikuwa amemwambia kwamba akichelewa zaidi, upasuaji utakuwa mgumu. Mpango ulikuwa Kisiki afungwe mpaka mzee akae kitini, kwa sababu Penina alionya kwamba mbwa anayejifunza asiaminiwe mapema kwa mgonjwa wala mtoto. Lakini jirani mmoja wa Muleba alikuwa anakuja mjini na gari, akampakia mama, na akamfikisha mapema kuliko walivyopanga. Klaudia alikuwa jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Hodi," sauti ya mzee ikaita.

"Karibu, mama," Klaudia akajibu kabla ya kufikiri.

Lilikuwa jina la zamani, na Kisiki alikuwa ameliitikia muda mrefu. Klaudia alimwona akipita mlango wa jiko mbio, masikio yamelala nyuma. Akaangusha kisu na kumfuata. Hakuita. Alijua kuita kutaharibu.

Getini mama yake alikuwa amesimama, ameinua fimbo kidogo mbele yake, mwili wote umekakamaa, anasubiri kuangushwa. Macho yake yalitazama pembeni, mahali pasipo na kitu.

"Klaudia," alisema. "Njoo haraka. Mbwa wenu yuko wapi?"

Klaudia alifika getini, akasimama. Kisiki alikuwa amekaa mbele ya ncha za viatu vya mama, miguu yote chini, ametulia, anamtazama usoni na kungoja. Mkia tu ndio ulikuwa unafagia vumbi.

"Yuko mbele yako, mama. Amekaa."

Mzee alishusha fimbo taratibu. Akashusha na mkono mwingine, ule ulioteguka Pasaka, mpaka ukagusa kichwa. Kichwa hakikuruka. Aliushikilia hapo kwa muda, na mabega yake yakalegea.

Klaudia alipiga magoti pale pale kwenye vumbi kumsalimu mama yake. Kisiki aliugeukia uso uliofika kimo chake, akaunusa, akabaki alipo.

"Wapigie hospitali," mama alisema. "Waambie nimefika."