Tasbihi Kumi za Bi Batuli

Kila asubuhi mimi, Swaumu, nilikaanga vitumbua, na Yahaya mume wangu alishona viatu barazani, hapa hapa mtaa wa Isevya. Njaa hatukuijua. Lakini nilikuwa nimezaa watoto wawili na kuwazika wawili. Kila mmoja alinyonya vizuri, kisha siku ya tano akakaza taya, akakataa titi, mwili ukawa mgumu kama ubao. Hakuna aliyefika siku ya saba apewe jina. Watu walisema ni degedege. Wengine walisema nina mkosi. Nilipopata mimba ya tatu, neno hilo nilikataa kulisikia tena.

Mwaka huo Bernadeta alirudi kutoka masomoni. Alikuwa nesi, binti wa wakulima wa kijiji cha Ntalikwa. Alipata chumba mtaani kwetu, akakipaka chokaa, akaweka kitanda, meza na jiko la mkaa. Mlangoni akaandika: MATIBABU YA MAMA NA MTOTO. BURE.

"Dawa ya bure, kazi bure," Yahaya akacheka.

"Wewe baki na viatu vyako," nikamwambia. "Mimi nakwenda."

Nilimweleza Bernadeta habari za wanangu. Akauliza, "Kitovu kilikatwa kwa kifaa gani?"

"Kisu cha Yahaya cha kukatia ngozi."

"Kikapakwa nini?"

"Majivu na samli. Kila mtu hufanya hivyo."

"Dada, huna mkosi," akasema. "Hiyo ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye uchafu, huingia kwa kitovu. Tumia wembe mpya na uzi, vichemshe dakika ishirini. Osha mikono kwa sabuni. Ukishakata, usipake kitu. Kiache kikauke."

Nililia, kisha hasira ikanipanda. Aliyewazalisha wote wawili alikuwa Bi Batuli, mkunga wa mtaa.

"Usimgombeze," Bernadeta akasema. "Siku mbili kila wiki natibu Ntalikwa. Peke yangu siwezi. Namtaka afanye kazi hapa."

Tukaenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

Bernadeta alimweleza yote. Bi Batuli alitazama viganja vyake. "Kumbe ni mikono yangu," akasema.

"Ni kisu na majivu," Bernadeta akajibu. "Mikono yako tunaihitaji."

Kesho yake bibi alikuja. Tatizo likawa saa ya kupimia zile dakika ishirini. "Saa siijui," akasema. "Tasbihi naijua." Basi Bernadeta akatazama saa yake, na bibi akavuta tasbihi bila haraka. Mizunguko kumi ilichukua dakika ishirini na mbili. Wakakubaliana: maji yakianza kutokota, tasbihi kumi.

Juma moja baadaye bwana afya alikuja na baiskeli yake.

"Mama huyu hana cheti," akasema. "Hata saa hajui kusoma. Mwondoe."

"Nipe nesi mwingine," Bernadeta akamwambia.

"Sina."

"Basi bibi anabaki."

"Nikimkuta tena hapa, nafunga chumba."

Uchungu ulinishika mchana, Bernadeta yuko Ntalikwa. Yahaya akasema, "Zalia nyumbani. Chumba kikifungwa, lawama itakuwa yetu."

"Nyumbani nimezalia mara mbili," nikamjibu. Nikaenda nikishika kuta.

Bi Batuli aliwasha jiko, akatia wembe mpya na uzi kwenye sufuria. Maji yakatokota, akaanza kuvuta tasbihi. Alikuwa kwenye mzunguko wa saba nilipoita.

"Bibi, mtoto anakuja."

"Aje. Kitovu kitasubiri."

Akanawa kwa sabuni, akampokea mtoto wa kike. Akampangusa, akamlaza kifuani pangu, akatufunika kwa kanga safi, kitovu hakijakatwa. Kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Ilipotimia ya kumi alinawa tena, akafunga, akakata. Majivu hakuyagusa.

Siku ya tano sikukaanga vitumbua. Nilikaa nikitazama taya za mwanangu. Alinyonya. Siku ya sita akanyonya. Siku ya saba nilimbeba mpaka pale chumbani. Mama wenzangu walikuwa wameketi mlangoni, kwa sababu bwana afya alikuwa amekuja na kufuli.

"Nani alimzalisha mtoto huyu?" akauliza.

"Mimi," Bi Batuli akasema.

"Toa kalamu," nikamwambia bwana afya. "Wawili wa kwanza walikufa bila majina. Huyu anaitwa Batuli. Aliyemzalisha ni Batuli. Andika yote mawili, kisha utuambie unafunga nini."

Hakuna mama aliyesogea. Yahaya naye alikuja akasimama nyuma yangu. Bwana afya alimtazama mtoto anavyonyonya, akafungua daftari, akaandika.

"Sasa nisomee," Bi Batuli akasema.

Akamsomea. Kufuli akaondoka nalo, na kesho yake mama mwingine alikuwa kitandani pale, sufuria iko motoni.