Kumi na Nane kwa Dakika

Haya yametupata sisi wenyewe, si jirani wala rafiki wa rafiki. Dada yangu ni muuguzi, na baba yetu alilazwa kwenye wodi yake baada ya upasuaji wa ngiri. Ilikuwa Jumanne mchana, jua linawaka, sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Nilikaa kando ya kitanda nikimmenyea baba chungwa.

Pale kila mgonjwa ana karatasi ya alama za tahadhari. Unapima mapigo, presha, joto na pumzi, kila kimoja unakipa alama, kisha unajumlisha. Zikifika tano, unamwita daktari mbio, na mwisho wa mstari unaandika kama ameitwa. Mashine inapima karibu vyote. Pumzi ndiyo taabu, maana inabidi usimame dakika nzima ukitazama kifua cha mtu. Dada alikuwa na wagonjwa thelathini, akafanya kama wenzake wote: aliandika kumi na nane bila kuhesabu. Wodi nzima ilipumua kumi na nane, mzima na mahututi.

"Unanipima kama ng'ombe wa mnadani," baba alimtania.

"Tulia, baba. Nikikuuza nitapata hasara."

Baba alicheka, akaishia njiani. "Nimechoka tu, mwanangu," akasema.

Mapigo yalikuwa yanakimbia kidogo, alama mbili. Dada akashika kalamu ajaze mstari wa saa nane, akaganda. Mstari ulikuwa umeshajazwa kwa mwandiko mwembamba, uliolalia kushoto. Pumzi: 28. Jumla: 5. Daktari ameitwa? Bado.

"Nani kaandika hapa?" alininong'oneza.

"Sijaona mtu. Niko hapa tangu saa sita."

"Basi ni hawa wanafunzi wa uuguzi. Wananichezea."

Akaukata mstari ule. Akaandika kumi na nane, jumla mbili, akaenda kitanda cha pili. Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa na kifua cha baba, na sikukitazama. Hilo litanila mpaka naingia kaburini.

Saa tisa kasoro robo chungwa lilimdondoka baba mkononi. Nilimwita dada. Alikuja mbio, akainama, macho kwenye kifua, na kwa mara ya kwanza siku ile alihesabu. Midomo yake ilicheza. Moja. Mbili. Tatu. Kisha ikaacha kucheza.

Daktari alikuja kuthibitisha kifo tu. Damu ilikuwa imeganda kwenye mapafu, alisema, na angeitwa saa nane huenda angemwahi. Dada alisikia kila neno.

Siku ya kumi baada ya mazishi, mzee wa masjala, anayetunza mafaili ya hospitali, alimpigia simu dada afike ofisini kwake. Nilimsindikiza. Yule mzee alifunga mlango kwanza.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "kwa nini mnaendelea kumwandikia marehemu?"

"Nani anaandika?"

"Sijui. Kabati linafungwa, na ufunguo ninao mimi."

Akafungua faili la baba. Karatasi ilikuwa imejaa mpaka nyuma. Mwandiko mwembamba. Kila saa, mchana na usiku. Saa ambayo tulikuwa tunamteremsha kaburini, ipo. Pumzi: 34. Pumzi: 38. Pumzi: 40. Daktari ameitwa? Bado. Bado. Bado. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa ileile tuliyosimama pale. Niligusa, wino ukanipaka kidole.

Dada hakulia. Alivuta simu ya mezani, akabonyeza namba ya daktari.

"Daktari, naomba uje. Alama zimefika tano. Ni baba yangu. Samahani nimechelewa kukuita."

Sijui daktari alijibu nini. Dada alibaki ameshikilia simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya sare yake.

Karatasi ile haijaongezwa mstari tena. Ila pale mwisho, palipokuwa na Bado, sasa pameandikwa Ndiyo, na kati yetu watatu hakuna aliyeshika kalamu.