Reki ya Jumatano

Siku ya Jumatano shule yetu hufungwa saa sita mchana. Nilikuwa nikifika nyumbani, nakula, namsaidia Mama kugeuza jibini za mbuzi kwenye rafu zake, kisha natoa baiskeli yangu ya milimani bandani. Aubin Renaudet, ambaye tulisoma darasa moja, alikuwa akinisubiri kwenye msalaba wa jiwe pale njia panda. Njia yetu ilianzia hapo.

Njia hiyo huingia kwenye msitu wa mialoni, huteremka juu ya mizizi na mawe, huzunguka mabwawa mawili, halafu hupanda kwenye tuta la bwawa la Bi Fradet na kuishia langoni kwake. Tuta hilo lilikuwa tamu kuliko sehemu zote. Ni refu, limenyooka, na ukishika kasi unahisi kama baiskeli inakimbia juu ya maji. Wenye mabwawa wengi kwetu hufunga matuta yao kwa minyororo. Bi Fradet alituachia la kwake kwa sharti moja tu. Majani yanapoanza kuanguka, kila siku mmoja wetu asimame katikati ya tuta, achukue reki iliyotundikwa pale, na aondoe majani kwenye wavu wa chuma unaozuia samaki wasitoke na maji. Tulifanya kwa zamu, mpaka miti iishe majani. Jumatano ilikuwa zamu yangu.

Wiki ile Bi Fradet alikuwa ameshafungua maji yatoke polepole. Ikifika Jumamosi, samaki wake aina ya karpu wangebaki wamejikusanya kwenye kina karibu na tuta, na kijiji kizima kingekuja kumsaidia kuwavua. Alikuwa amewafuga kwa miaka mitatu, na hakuwa na mavuno mengine.

"Dakika kumi na moja na sekunde arobaini," Aubin aliniambia pale msalabani. "Hiyo ni ya Jumapili, kutoka hapa mpaka langoni. Wewe kageuze jibini tu, Tiphaine."

"Leo utanisalimia kwa heshima."

"Nitakusalimia ukiwa kwenye matope." Alicheka, akavua saa yake na kunifunga mkononi. Baba yake alikuwa akimhitaji karakanani, kwa hiyo hakuweza kuja. "Jipime mwenyewe. Ukiniambia umepata ngapi, nitakubali."

Niliteremka msitu ule kama kichaa. Matope yaliniruka mpaka mdomoni. Nilipopanda tuta nilitazama saa: dakika kumi na sekunde hamsini. Niliiona reki. Niliuona wavu pia, umefunikwa nusu na majani mekundu yaliyolowa. Nikisimama, nimeshindwa. Nikajiambia nitarudi, nikapita.

Nilifika langoni kwa dakika kumi na moja na sekunde thelathini na mbili. Nilikuwa bado nahema Bi Fradet alipofungua dirisha la jikoni.

"Umepitisha reki, mwanangu?"

Sijui kwa nini sikusema hapana. Labda ni kwa sababu alikuwa akitabasamu. Labda ni kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, na tuta lilikuwa nyuma yangu.

"Nimepitisha, Bi Fradet."

"Asante. Njoo ule kitu, umelowa."

Akanikatia kipande kikubwa cha keki ya matufaha, ya moto bado. Nilikula yote. Kisha nikarudi nyumbani kwa barabara ya lami, nisipite tena kwenye tuta. Usiku upepo ulivuma sana, nami nikajifunika blanketi mpaka masikioni.

Asubuhi, kwenye kituo cha basi la shule, Killian, mwanafunzi mwenzetu, ndiye aliyekuwa na habari. Killian hakosi habari.

"Wavu wa Bi Fradet umeng'oka. Karpu wamekwenda zao." Akamgeukia Aubin. "Si baba yako aliyeuchomelea mwezi wa saba? Alichomelea kwa gundi ya karatasi?"

Watoto wakacheka. Tulipokaa ndani ya basi Aubin aliniuliza kwa sauti ndogo, "Jana ulipita pale. Wavu ulikuwaje?"

"Ulikuwa sawa," nikasema.

Huo ukawa uongo wa pili. Masikio yaliniwaka moto. Nilimrudishia saa yake, akaniuliza nimepata dakika ngapi, nikasema sikumbuki.

Jioni nilikwenda bwawani na Mama. Watu kama kumi walikuwa wamesimama juu ya tuta. Maji yalikuwa yamepungua sana, na matope meusi yalionekana kila upande. Bwana Renaudet, baba yake Aubin, alikuwa amepiga magoti, akiugeuzageuza ule wavu kwa mikono yake mipana.

"Lazima ulikuwa umelegea wiki nzima," jirani mmoja alisema. "Samaki wametoka kidogo kidogo. Sasa hivi wako mtoni, hakuna haja ya kuwatafuta."

"Majani je?" mwingine akauliza.

"Majani hapana," Bi Fradet akajibu. Akaweka mkono wake begani kwangu. "Huyu aliyaondoa jana jioni."

Bwana Renaudet aliinuka. Ni mtu mkubwa, lakini pale alionekana mdogo. "Basi ni kazi yangu, Bi Fradet," alisema. "Nisamehe."

Aubin alikuwa amesimama nyuma yake, akiangalia viatu vyake.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata darasani naomba ruhusa kwa kunyoosha kidole nusu. Lakini ule mkono begani ulikuwa mzito kuliko kitu chochote nilichowahi kubeba.

"Sikupitisha reki," nikasema.

"Unasema nini?" Mama akauliza. "Sema isikike."

"Jana sikupitisha reki. Wavu ulikuwa umefunikwa nusu, nami niliona. Nilitaka kumshinda Aubin. Nikapita."

Bi Fradet aliondoa mkono wake. Mama alifumba macho, na hilo liliniuma kuliko kama angenichapa.

"Na keki ukala," Bi Fradet akasema.

"Nilikula."

Nilitamani matope yale yanimeze. Bwana Renaudet aliuinua wavu tena, akapitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Kuchomelea kuko sawa," alisema polepole. "Haukukatika. Umesukumwa ukatoka kwenye mfereji mwembamba unaoushikilia. Majani yalipouziba, maji yakaegemea." Akanitazama, bila hasira. "Jana ulipopita, ulikuwa umesimama mahali pake? Una hakika?"

"Ndiyo. Ulikuwa umesimama wima."

"Basi hawakutoka wiki nzima. Wametoka usiku wa jana tu." Akamgeukia Bi Fradet. "Na lango la maji la kinu cha kusaga huko chini limefungwa tangu Jumatatu, linatengenezwa. Samaki hawawezi kufika mtoni. Wako kati ya hapa na kinu."

Watu wakaanza kukimbilia ndoo na nyavu. Tuliteremka kwenye kijito, mpaka kwenye bonde dogo la mierebi ambako maji ya mvua yalikuwa yametanda. Walikuwa humo. Migongo yao ilipasua maji kati ya mashina. Niliingia na mabuti ya Mama yaliyojaa maji mara moja, nikawakumbatia karpu mmoja mmoja, wakanipiga mikia usoni. Bwana Renaudet aliurudisha wavu mahali pake, nasi tukawarudisha samaki bwawani kwa ndoo mpaka mwanga ulipokwisha, na Ijumaa baada ya shule tukarudi. Si wote tuliowapata. Karibu robo walikufa kwenye matope, wengine waliliwa na kunguru.

Ijumaa hiyo asubuhi, kituoni, nilimwendea Killian kabla hajafungua mdomo. "Wavu wa Bwana Renaudet ni mzima," nikasema, wote wakisikia. "Mimi ndiye niliyeacha majani."

"Kumbe gundi ilikuwa kichwani mwako," Killian akasema. Wakacheka. Safari hii nilistahili. Aubin hakucheka, lakini hakukaa nami pia.

Jumamosi, baada ya kuvua, watu walikula karpu wa kukaanga kwenye meza ndefu. Mimi nilijificha nyuma ya lori, nikijifanya nasuuza ndoo. Bi Fradet alinifuata na sahani.

"Kula."

"Sistahili, Bi Fradet."

"Sikukuuliza kama unastahili." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza, binti. Kuacha majani ni kosa, lakini ni kosa dogo. Hata mimi nimewahi kuyasahau. Ungeniambia hapana pale dirishani, ningevaa mabuti yangu nikaenda mwenyewe, dakika tano tu. Kilichonikalisha jikoni ni neno lako. Nilikuamini, nikalala. Mtu akikuuliza kama kazi imefanyika, anataka kujua kama anaweza kulala. Mpe jibu la kweli, hata kama linakuaibisha."

Sikuweza kumtazama. Nilikula samaki yule huku machozi yakidondokea sahanini, naye akakaa tu mpaka nikamaliza.

Jumatano iliyofuata nilimwambia Aubin ule muda niliodai siukumbuki, na kwamba asiuhesabu, kwa kuwa ulikuwa wa wizi. Alisema hata hivyo hangeuandika. Saa yake hakuniazima. Nilipanda tuta polepole, nikasimama, nikapitisha reki kwenye wavu mpaka vidole vikafa ganzi.

Bi Fradet alifungua dirisha. "Umepitisha reki, mwanangu?"

"Nimepitisha, Bi Fradet."

Uso uliniwaka, ingawa ilikuwa kweli. Nilingoja avae mabuti aende kuangalia. Alinitazama kidogo, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi, nikamsikia ndani akitafuta kisu cha keki.