Kidole cha Nahodha Tito

Injini ya meli Chausiku ilikufa saa mbili asubuhi, na haikufa kistaarabu. Ilikohoa, ikatikisika, kisha chuma kilichoishikilia upande wa kushoto kikakatika, na lile dubwana lote likamlalia fundi Bizimana mguuni. Walikuwa wametoka bandari ya Durban usiku, wakielekea Maputo na shehena ya friji za mitumba, watu wanne katika kimeli cha zamani cha kuvulia samaki. Upepo wa mashariki uliwasukuma saa nzima bila huruma. Saa tatu ukawapandisha juu ya mwamba, na mwamba ukawashika.

Kutoka hapo mpaka ufukweni ni hatua mia na hamsini. Utasema, si waogelee? Haya, kaogelee wewe. Kati ya mwamba na mchanga kulikuwa na mkondo uliokuwa unakwenda kusini kwa kasi, na huko kusini hakuna mchanga, kuna mawe matupu. Nahodha Tito na mpishi wake Deusdedit wangeweza kujaribu bahati yao. Bizimana, mwenye mfupa uliovunjika chini ya goti, hakuwa na bahati ya kujaribu.

Mkewe Julienne alikuwa ameufunga ule mguu kwa mbao mbili na pakiti tatu za nywele za bandia. Julienne ni msusi na mtengeneza kucha, ana saluni Durban mjini, na alipanda meli ile kwa sababu mumewe ndiye fundi wa injini na yeye alitaka kupeleka bidhaa zake Maputo. Nywele zile zilikaza kuliko bendeji.

"Maji yanajaa saa saba," Deusdedit alisema, akiangalia povu lilivyopanda ubavuni. "Yakijaa, meli itanyanyuka. Ikinyanyuka itapigwa chini. Hapo ndiyo basi tena."

"Na bwana yangu?" Julienne aliuliza.

Tito na Deusdedit waliangalia ufukweni.

Huko watu walikuwepo, tena wengi. Ulikuwa mwezi wa saba mwaka tisini na nane, msimu wa dagaa, na wavuvi wa mshipi kutoka Chatsworth, kitongoji cha Durban, walikuwa wamejipanga mchangani na fimbo zao ndefu tangu alfajiri. Walipoiona meli imekwama walianza kurusha mishipi kuielekea, wakitumia risasi nzito kabisa za kuzamishia. Upepo uliwapiga usoni na risasi zikaanguka katikati ya maji. Deusdedit naye alifunga kamba kwenye pipa akalitupa lielee mpaka kwao. Mkondo ukalibeba kusini, ukaipitisha kamba kwenye mawe, na mawe yakaikata.

Ndipo Tito akaingia chumbani mwake akatoka na bunduki.

Ilikuwa SAR, ile bunduki ya nusu otomatiki ambayo kila Mtanzania aliyepita jeshi la kujenga taifa, JKT, anaijua. Tito aliinunua kwa mnada, na karatasi zake zote, kwa kazi moja tu: kurushia kamba. Unachomeka fimbo ya chuma mdomoni mwa mtutu, unafunga kamba nyembamba kwenye fimbo, unapiga risasi ya baruti tupu. Fimbo inaruka na kamba inaifuata. Kamba nyembamba ikifika, unavutia nene. Nene ikifika, mtu anavuka.

Risasi za baruti zilikuwa nne.

Tito alipiga ya kwanza. Fimbo ilikwenda kushoto, ikaangukia kule kule kwenye mkondo. Wakaivuta. Akapiga ya pili. Ikaenda chini, ikachoma wimbi hatua thelathini mbele yao, na Tito akaudaka mkono wake wa kulia akauficha kwapani.

"Upepo," alisema.

"Upepo uko mgongoni kwetu, kepteni," Deusdedit alimwambia kwa upole. "Unatusaidia. Nipe mimi. SAR hii nimelala nayo, nimekula nayo, sabini na tisa nimetembea nayo mpaka Uganda."

"Wewe kapike."

Deusdedit alikuwa Mhaya. Wahaya wana fahari zao, lakini siku ile hakubishania cheo cha mtu. Wimbi likapiga na meli nzima ikalia. Kutoka kwenye chumba cha injini, walikokuwa wamemkalisha, Bizimana aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba maji yamemfika magotini.

Julienne alimkaribia nahodha.

"Kapiteni, leta mukono."

"Hauna kitu."

"Leta."

Alileta. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umejaa damu, na nyama ya pembeni imechanika. Julienne akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza vidole vya wateja kutwa nzima. Chini ya mchaniko mpya kulikuwa na kovu, na chini ya kovu lile kovu lingine, yote mahali pamoja, yote ya mstari mmoja.

"Hii haiko kupigwa," alisema. "Hii inakatwa. Iko kitu inakukata pale pale kila mara." Akaminya kidogo. "Inauma?"

"Haiumi."

Akaminya zaidi. Machozi yakamlenga Tito. "Nimesema haiumi, mama."

"Kapiteni, bwana yangu iko kule chini na maji iko kwa magoti. Ninakuuliza mara ya mwisho."

Tito alitazama bahari, akatazama mpishi wake, akatazama viatu vyake.

"Inauma," alisema. "Inauma sana."

"Tangu lini?"

"Tangu triga ilipovunjika nikaipeleka kwa mtu Pinetown akaichomelea. Miaka mitatu. Kila nikirusha kamba inang'ata. Na ni ngumu, mpaka uivute kwa nguvu zote. Nikijua inakuja kuning'ata nafumba macho."

Miaka mitatu! Mtu mzima, nahodha mwenye vyeti, amefumba macho miaka mitatu kwa kuwa mwanamume halalamikii kidole. Deusdedit alitaka kucheka na alitaka kulia, akachagua kazi. Aliondoa risasi mbili zilizobaki, akamkabidhi Julienne mkononi, akachungulia mtutu kuhakikisha hakuna kitu, ndipo akakaa chini. Kwa ncha ya kisu cha jikoni akabonyeza kishikizo cha nyuma, na sehemu yote ya triga ikatoka nzima, kama alivyofundishwa na afande mmoja mkali miaka ishirini iliyopita.

Ilikuwa aibu tupu. Ndani kulikuwa na grisi ya zamani iliyogandamana na chumvi na mchanga. Na juu ya triga yenyewe, upande wa kulia, fundi wa Pinetown alikuwa ameacha ukingo wa chuma, mdogo, mkali, usioonekana mpaka upitishe kidole.

Julienne alipitisha kidole. "Eish," alisema taratibu.

Akafungua begi lake. Ile dawa ya kufutia rangi ya kucha ilimaliza grisi yote, chupa mbili nzima, akisugua kwa mswaki wa mumewe. Kisha akatoa tupa yake ya chuma, ile ya kucha za miguu za wazee, akaanza kuusaga ule ukingo. Meli iliinama, ikainuka, mawimbi yakamlowesha mgongo, na mkono wake haukutikisika. Saa saba kasorobo ukingo ulikuwa umekwisha. Akapiga msasa laini, akapitisha tena kidole, hakuridhika, akapiga tena.

"Inatosha, mama," Tito alisema.

"Haijatosha. Mutu akiogopa kidogo, mukono itaruka kidogo."

Akamalizia kwa mafuta ya nywele, matone mawili ndani na kidogo juu. Deusdedit akairudisha sehemu ile mahali pake na kuivuta triga bila risasi. Ilikwenda nyuma polepole, ikafyatuka kwa mlio mdogo safi. Akaivuta tena kwa raha tu.

"Sasa hii ni SAR," alisema.

Julienne alikuwa tayari anaichambua kamba kwa kitana chake kipana, akiilaza ndani ya beseni, mzunguko juu ya mzunguko, isijifunge hata fundo moja. Tito alisimama kati yao na kuishika bunduki. Wote wawili walimngoja. Kidole chake kilikuwa kimevimba kama ndizi mbivu.

"Mzee Deus," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Piga wewe. Mimi nitakushika kiuno usianguke."

Deusdedit alipiga goti, akaelekeza mtutu juu, akangoja meli iinuke. Ilipofika juu kabisa akavuta. Macho yake yalikuwa wazi, Julienne aliyaona. Fimbo iliruka, kamba ikachomoka kwenye beseni ikiimba, ikapita juu ya mkondo, juu ya povu, juu ya kofia za wavuvi wa Chatsworth, ikajichomeka mchangani nyuma yao.

Kelele zilizopigwa ufukweni zilishinda upepo. Watu ishirini waliikamata kamba ile kwa pamoja.

Wakavuta nene, wakaifunga kwenye pikapu ya mtu. Bizimana alivuka wa kwanza, amekaa ndani ya tairi la lori la ubavuni mwa meli, likining'inia kwenye kamba, mguu umenyooshwa mbele kama bwana harusi aliyebebwa, nywele za bandia zikipepea. Akafuata Julienne na begi lake, kisha Deusdedit, kisha nahodha. Saa saba na nusu Chausiku ilinyanyuka, ikapigwa chini, ikapasuka katikati, na friji zikaanza kuelea moja moja. Watu wazima wanne walikaa mchangani wamefunikwa mablanketi ya watu wasiowajua, wakicheka mpaka mbavu zikawauma. SAR ilizama pamoja na meli, na triga yake laini.

Mwezi wa tisa Bizimana alikuwa anatembea kwa gongo moja. Jumamosi moja, saluni imejaa wanawake, mlango ukafunguka akaingia Tito, kofia mkononi. Alipita katikati ya vikaushia nywele, akakaa kwenye kiti cha mbele ya Julienne, akaweka mkono wake wa kulia juu ya taulo.

"Karibu, Kapiteni. Unataka nini?"

Wanawake wote walikuwa wanasikiliza. Tito aliwatazama, kisha akamtazama yeye.

"Hiki kidole," alisema kwa sauti ya kusikika. "Bado kinauma."

Julienne akavuta taa karibu, akakishika.

"Onyesha ni wapi," akasema.