Anisikie Yeyote

Jumatano hiyo akina mama waliitikia "Amina" kwa pamoja kama kawaida yao, halafu ikafuata nyingine, imechelewa, ya sauti nzito, kutoka upande wa kiti cha magurudumu.

Wakageuka wote sita. Kwenye kiti alikuwepo Seremala, mume wa mwenye nyumba, aliyepooza upande wa kulia na kupotewa na kauli miezi kumi na mmoja iliyopita. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Machozi yalimchuruzika hadi kwenye kola ya shati.

"Bwana asifiwe!" alipaza sauti mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maombi. "Mume wangu ameguswa!"

"Mbona mdomo haukufunguka?" aliuliza mwanamke waliyempa jina la Chiriku, maana kunyamaza hakukujua.

"Roho ina haja ya mdomo, dada? Umekuja kuomba au umekuja kukagua?"

Wakacheka, wakafunga Biblia zao, wakamimina chai.

Wiki iliyofuata sauti iliitikia tena, safari hii kwenye ombi la Chiriku, aliyekuwa amemlilia Mungu amtulize mumewe asiyekaa nyumbani. Ijumaa yake mume huyo, fundi mwashi, alidondoka ghorofa ya pili akavunjika miguu yote miwili. Chiriku alisimama kutoa ushuhuda huku analia na kucheka. "Nilitaka atulie nyumbani. Haya, ametulia!"

Badala ya kuogopa, watu wakaongezeka. Sebule ilijaa, wengine wakaketi barazani, na kila ombi lililopata Amina ile ya mwisho lilijibiwa, ingawa hakuna aliyeuliza kwa nini kila jibu lilimwacha mtu mwingine akiuguza kidonda. Mama Maombi alinunua kitambaa kipya cha kichwa. Alizoea kuombwa aweke mikono juu ya watoto wa wenzake, alizoea kupishwa njiani, na harufu ya nywele mbichi zinazoungua, iliyokuwa haimtoki mumewe hata akimwogesha mara mbili kwa siku, aliizoea pia.

Aliyeshindwa kuizoea ni binti yao, msusi, ambaye kila Jumamosi mchana alikuja kumnyoa baba yake. Siku moja alimvua shati, wembe ukabaki hewani. Mabegani mwa mzee mlikuwa na michubuko miwili mipana, nyeusi, na kifuani mistari miwili imeshuka sambamba, kama alama za mtu aliyembeba mwenzake begani siku nyingi, miguu ikining'inia.

"Mama! Baba alianguka?"

"Aanguke wapi na hatembei?" mama yake alijibu toka jikoni.

Msusi akashusha sauti. Alichukua penseli bapa ya useremala kutoka dirishani, akaiweka katika mkono wa kushoto wa baba yake, mkono uliobaki na uhai, akamshikia karatasi ya matangazo ya kanisa. Mzee aliandika herufi moja moja: ANANIKALIA.

"Nani, baba?"

Penseli ilisita. Kisha: MUULIZE MAMA.

Msusi hakumuuliza. Alimjua mama yake. Angeambiwa ana roho ya ukaidi, apangiwe siku tatu za kufunga na kuomba. Alikwenda kwa Mchungaji, mzee wa magoti mabovu asiyependa makelele, akamwonyesha karatasi ile. Jumatano saa tisa alasiri Mchungaji akaja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, akasikiliza. Amina ya mwisho ilipotoka, alisimama.

"Tumeambiwa tuzijaribu roho," alisema. "Wewe unayeitikia, kiri kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili."

Mchungaji akasogea hatua moja mbele.

"Kiri!"

Ndipo kile kiti kikaanza kulia, kwanza taratibu kama mlango wa zamani, halafu kwa nguvu, matairi yakabonyea, kichwa cha Seremala kikainama na kuendelea kuinama hadi kidevu kikagota kifuani na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi, na ile harufu ikapanda ikawajaa puani na kooni, na wanawake waliokuwa wamepiga magoti wakatambaa kinyumenyume wakikanyagana vidole, kwa kuwa sasa waliisikia sauti ikicheka, nayo haikutoka kwa mgonjwa, ilitoka juu yake, mahali ambapo pangekuwa na kichwa cha mtu aliyemkalia.

"Muulize aliyeniita," ilisema.

Mchungaji alimgeukia mwenye nyumba. "Mama, hawa hawaji bila mwaliko. Ulisema nini?"

"Mimi? Mimi mama wa maombi?"

Mfupa wa bega la Seremala ukalia, ta!

"Mama, sema!" Msusi alimwangukia miguuni. "Sema, anamuua!"

Mama Maombi hakumtazama bintiye wala mumewe. Aliwatazama wale wanawake, uso baada ya uso, mmoja mmoja, kama mtu anayeaga. Mfupa wa pili ukavunjika ndipo akafungua kinywa.

"Nilichoka," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimemwogesha, nikamvalisha, akajichafua palepale. Nikapiga magoti jikoni. Nikasema, Bwana, mchukue. Nakuomba kila siku na hunijibu. Kama Wewe hunisikii, basi anisikie yeyote."

"Likane neno hilo."

Alilikana kwa kilio. Mchungaji aliamuru kwa jina la Yesu, mara moja, mara ya pili, na ya tatu kiti kiliruka juu kama gari lililoshusha shehena, mlango ukajibamiza, na harufu ikatoweka.

Seremala aliinua kichwa. Maneno yalimtoka mazito, kama mtu mwenye kinywa kilichojaa maranda ya mbao.

"Nilisikia," alimwambia mkewe. "Siku ile, jikoni. Kilichopooza ni mwili, si masikio." Kisha akamwambia binti yake, "Nipeleke kwako."

Mkewe alitambaa akang'ang'ania gurudumu. Seremala aliinama kwa maumivu, akaubandua mkono wake kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Usibaki humu peke yako," Mchungaji alimwambia Mama Maombi mlangoni. "Njoo ukae na watu. Nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, aliyetoka hurudi kuichungulia, na akirudi haji peke yake."

"Nije nikaketi nyuma, wanisonte vidole?" Akafunga mlango.

Jumatano iliyofuata hakuja mtu. Chiriku alikuwa ameshausimulia mtaa mzima.

Miezi miwili ikapita. Seremala mabega yaliunga, akawa anashinda uani kwa bintiye, anaongea kutwa kama anayelipiza, na siku moja akaomba sanduku lake la vifaa, ajaribu kupiga randa kwa mkono wa kushoto. Msusi alilifuata. Mama yake alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, macho maangavu. Nyuma yake viti vilipangwa duara, na mbele ya viti vile, mezani, palikuwa na vikombe vinane vya chai. Hapakuwa na mtu. Chai ilikuwa ikipungua.

"Umetukuta kwenye maombi, mwanangu. Ingia."

"Nina haraka, mama." Sanduku lilikuwa palepale kando ya mlango. Alilinyakua.

"Haya. Mwambie baba yako tunamwombea."

Msusi alitembea hadi konani, kisha akatupa sanduku akakimbia hadi kwake. Mume wa Msusi alikuwa amesimama getini, mikono kichwani. Uani, Seremala alikuwa ameketi kwenye kigoda, kidevu kimegota kifuani, mdomo umepinda tena. Miguu minne ya kigoda ilikuwa inazama ardhini, polepole, na udongo ulikuwa mkavu.