Ratiba ya Kumuuguza Mama

Asubuhi ile nyumba ilikuwa shwari. Sakafu imepigwa deki, shuka zimeanikwa, na mama, ambaye figo zilishamgomea, amelala akisikiliza redio. Wanawe watatu wamemzunguka. Ungewaona ungesema, hawa ndio watoto!

Kaka mkubwa, mwalimu, alikuwa amechora ratiba kwa rula na wino mwekundu: leo mdogo wake fundi magari, kesho dada yao muuza vitambaa, keshokutwa yeye. Mama akaisoma, akacheka kidogo.

"Mwanangu, mimi si darasa. Kufa siogopi. Msiniache nife peke yangu tu."

"Mama nawe! Ratiba ipo, utaachwaje?"

Wiki mbili mambo yakaenda barabara. Halafu, ndugu zangu, si tunajijua? Wakaanza kutegeana. Zamu ya mtu ikiisha, hata mama akiwa anatapika, mwenyewe anatafuta viatu vyake. Mwalimu ndiye aliyezidi, kwa kuwa alijiona ameshalipa kwa kuchora.

Alhamisi ilikuwa ya fundi. Akampigia dada. "Nishikie leo, mteja anataka gari lake."

"Leo si siku yangu. Mwambie mwalimu."

Fundi hakumwambia. Alijisemea mwalimu anakaa jirani, atapita tu.

Na kweli alipita, saa nne, akienda kusahihisha mitihani. Akakuta mlango umefungwa, kimya. Viatu vyake vikakwaruza kokoto chini ya dirisha.

"Nani huyo? Ni wewe, mwanangu?"

Sauti ilikuwa nyembamba. Mwalimu akasimama. Roho ikamwambia ingia. Lakini akawaza: leo si yangu, nikiingia fundi atazoea, watanifanya punda wao. Akanyata, akapita. Mtu mzima, jamani, anamnyatia mamake!

Dada alifika jioni akamkuta mama amekwisha kuwa baridi, nusu ya mwili nje ya kitanda, ameelekea dirishani.

Msibani wakanyoosheana vidole. "Ilikuwa zamu yako!" dada akamwambia fundi. "Si nilikwambia umwambie mwalimu?"

"Nyamazeni," mwalimu akasema, machozi yakimtoka. "Aliniita. Nilimsikia."



FUNZO

Kupangiana zamu si kosa, kosa ni kujificha nyuma ya zamu. Mzazi anayekata roho ni wa watoto wote, kila siku. Akikuita, usiulize leo ni ya nani. Ingia.